Maziwa ya Jioni

Mtu akitaka kujua umaskini unanuka namna gani, asiende kijijini. Aende kwenye semina ya kuuzungumzia. Nimekaa kwenye semina hizo miaka miwili nikisomea shahada ya uzamili ya uchumi wa maendeleo, na hadi leo nikinusa sambusa na kahawa ya thamosi hutoka nje kutafuta hewa. Tulikuwa tunaketi ghorofa ya tatu, chuoni Nairobi, tunaonyeshwa ukutani jinsi dunia ilivyogawana mali: watu wachache wamekalia karibu kila kitu, mabilioni ya wengine wanagombania makombo. Sote tunatikisa vichwa kwa huzuni. Kisha mhadhiri anasema tupumzike dakika kumi na tano, na wale wenye huzuni wanapigana vikumbo kuifikia sinia.

Mimi pia nilipiga watu vikumbo. Sitaki mtu anione malaika katika kisa hiki, maana kinyaa ninachokieleza hapa, sehemu yake kubwa ni yangu mwenyewe.

Naitwa Truphena. Nimelelewa Bukhayo, nusu saa kwa bodaboda kutoka mjini Busia, na bibi yangu Roselida, ambaye sisi wajukuu humwita Kukhu. Ni kwa sababu ya kwetu huko Profesa Wabwire alinichagua kati ya wanafunzi kumi na wanane. Profesa alikuwa na mradi uliofadhiliwa kutoka Ulaya, na kimojawapo cha vijiji vya mradi kilikuwa chetu. Swali lake lilikuwa rahisi: ukiipa familia maskini ng'ombe wa maziwa, mtoto wao mdogo atakua vizuri zaidi? Ili ujue, inabidi nusu ya nyumba uzipe ng'ombe, nusu uzinyime, halafu uwe unapima watoto wa pande zote mbili. Tofauti kati yao ndiyo jibu. Darasani jambo hili husemwa kwa sauti tulivu kabisa, kama daktari wa meno anavyosema hutasikia kitu.

"Wewe ni mtu wa huko," Profesa aliniambia. "Watakwambia ukweli."

Yeye mwenyewe ni Msamia, kwao si mbali na kwetu, lakini lugha ya mama yake alikuwa ameiacha njiani zamani, labda kwenye uwanja fulani wa ndege. Aliniahidi kwamba kazi ya kijijini ingekuwa tasnifu yangu, na matokeo yakitoka vizuri angepeleka jina langu Ulaya nikasomee udaktari. Nafasi ilikuwa moja. Niliitaka nafasi ile vibaya sana. Kukhu alikuwa ameuza mihogo na dagaa kunisomesha, na kila Jumapili aliwaambia watu kanisani kwamba mjukuu wake anasomea jinsi ya kumaliza umaskini. Watu walimwamini. Nilikuwa naona haya kuwaeleza kwamba mpaka hapo tulikuwa tumefundishwa kuupima tu.

Na kupimwa watu wetu wamepimwa. Wamepimwa minyoo, vyandarua, maji ya chemchemi, vyoo, karo, hata furaha. Ukifika nyumbani kwa mtu na fomu, anakuletea kiti na kuanza kujibu kabla hujauliza. Kukhu yeye humalizia maswali mwenyewe. Ukisema, "Katika siku saba zilizopita," anakukatiza, "tumekula nyama mara moja, mayai hapana, mboga kila siku, andika." Wana ndiyo yao maalumu ya kuwapa watafiti, ndiyo laini, yenye tabasamu, ambayo maana yake ni nenda salama, mvua isikupate njiani. Profesa hakuijua ndiyo hiyo. Mimi niliijua.

Tulifanya bahati nasibu mwezi wa kwanza, katika uwanja wa kanisa. Nyumba arobaini zenye mtoto wa chini ya miaka mitano. Kwenye ndoo tulitia vifuniko vya soda arobaini, ishirini tumevipaka rangi ya buluu na ishirini nyeupe, kila mtu anaingiza mkono na kuchomoa chake mbele ya wote ili pasiwe na manung'uniko. Buluu alipata mtamba wa gredi, wa mbegu ya kizungu, mwenye mimba. Nyeupe alipata kipande cha sabuni na shukrani za mradi. Kukhu, ambaye alikuwa analea mtoto wa binamu yangu, alichomoa buluu. Jirani yake Amoding alichomoa nyeupe.

Amoding ni Mteso kutoka Malaba, aliyeolewa kwetu na mwanamume aliyekuwa utingo wa trela. Mume huyo alivuka mpaka na mzigo siku moja akaonja miji ya Uganda na hakurudi tena. Akamwacha Amoding na nyumba ya udongo, shamba la kiganja, na mtoto wa miezi kumi na moja aitwaye Mathew. Aliposhika kile kifuniko cheupe alikigeuza upande wa pili, kana kwamba rangi nyingine ingekuwa huko, halafu akacheka.

"Mimi na bahati hatujasalimiana bado," alisema.

Kukhu alimtazama mzee Protus, mzee wa kijiji. Mzee Protus akajikuna sikio. Niliona, lakini nilikuwa na watoto arobaini wa kupima, sikujali.

Kipimo chenyewe ni utepe mwembamba unaozungushwa mkono wa mtoto juu ya kiwiko. Ukisoma kijani, mtoto ni mzima. Njano, anaelekea pabaya. Nyekundu, mkimbize hospitali. Siku ile ya kwanza Mathew alisoma sentimita kumi na tatu, kijani ya chini chini, akalia, nikampa biskuti.

Mwaka mmoja baadaye nilirudi kupima tena. Ng'ombe walikuwa wamezaa na maziwa yalikuwa tele. Watoto wa buluu walikuwa wamejaa vizuri. Niliporudi Nairobi na kuweka takwimu kwenye kompyuta, nikaona kwamba watoto wa nyeupe nao wamejaa vivyo hivyo. Mathew alikuwa kumi na nne nukta mbili, mashavu kama maandazi. Tofauti kati ya makundi mawili haikuwepo kabisa. Profesa alidhani nimekosea kuingiza. Akanirudisha kijijini nikakae wiki nzima nichunguze.

Haikunichukua wiki. Jioni ya kwanza, jua likiwa bado juu ya migomba, Kukhu alimfungua ng'ombe wake, akampitisha kwenye pengo la ua, akamfunga kwa Amoding. Amoding akachutama na kibuyu, akaanza kukamua.

"Kukhu, mbona unampeleka huko?"

Alinitazama kana kwamba nimeuliza kwa nini watu huoga.

"Ng'ombe wa kupewa hakai boma moja," alisema. "Huyu sikumnunua. Asubuhi ananilisha mimi, jioni anamlisha mwenzangu. Ulitaka mtoto wa Amoding awe anachungulia?"

Kuwekeana ng'ombe kwetu ni jambo la tangu hapo. Mwenye ng'ombe humweka mmoja kwa rafiki au jirani, jirani anakunywa maziwa, siku ya shida wote wana mahali pa kushika. Sasa mzee Protus alikuwa ameutumia mpango huo kwa mradi mzima. Siku ile ile ya bahati nasibu, kabla vumbi la gari letu halijatua, aliwaita watu wote arobaini na kuwaoanisha, kila buluu na nyeupe wake. Maziwa ya asubuhi ya buluu, maziwa ya jioni ya nyeupe. Ndama wa kwanza wa buluu, wa pili wa nyeupe. Waliimaliza shughuli nzima kwa saa moja, wakaenda kula.

Nilifurahi kupita kiasi. Nilikaa chini nikaandika kurasa kumi na nne bila kuinua kichwa. Niliona nimepata kitu ambacho vitabu vyote vya ghorofa ya tatu havina: kijiji kilichopewa ukosefu wa usawa kwenye ndoo, mchana kweupe, kikaukataa kabla ya jioni. Nilimtumia Profesa sura ile ya tasnifu nikingoja sifa.

Alikuja mwenyewe. Alinikuta katika hoteli moja mjini Busia, ile iliyo karibu na foleni ya malori, akaagiza ngege mzima wa kukaanga na ugali. Alikula kwanza. Ni mtu anayekula samaki kwa ufundi, anaanzia shavuni, anafyonza jicho, anapanga miiba pembeni ya sahani kwa ukubwa. Alipofika kwenye mkia ndipo akaongea.

"Truphena, sura yako ni tamu sana. Story safi. Lakini mimi sikukutuma story."

"Profesa, si hii ndiyo matokeo yenyewe? Tumesoma inequality miaka miwili. Hawa wameimaliza siku moja."

"Wameimaliza, na utafiti wangu wameumaliza pia." Akacheka, akajipangusa midomo. "Unajua hii inaitwaje? Data chafu. Watoto wangu wa nyeupe wamenona. Nitawaambia nini wafadhili, kwamba ng'ombe hana faida? Kwa sababu ndivyo takwimu inasema. Mwenye ng'ombe na asiye na ng'ombe, wote sawa."

Watoto wangu wa nyeupe wamenona. Alisema hivyo huku mafuta ya samaki yakimtiririka kwenye kidole, na uso wake ulikuwa umekunjamana hasa, uso wa mtu aliyekuta nzi kwenye mchuzi. Ningependa kuandika kwamba nilisimama nikaondoka.

"Tunaweza kueleza kwamba wanagawana," nilisema.

"Hakuna jarida linachapisha kugawana. Nisikilize. Bila tofauti hakuna paper. Bila paper hakuna awamu ya pili. Awamu ya pili ni vijiji mia mbili, kutoka hapa mpaka Rukala kule mafuriko yanakomba watu kila mwaka. Wewe unataka watoto wa vijiji mia mbili wakose maziwa, ndio kijiji chenu kimoja kiendelee na ukarimu?"

Hoja yake ilikuwa safi kama sahani iliyolambwa. Niliitafuta mahali pa kuishika sikupaona. Najua tu kwamba mtu aliyeshiba ndiye aliyeitoa.

"Miezi sita," akasema. "Tuwatenganishe miezi sita, tupime mara ya mwisho, basi. Na Truphena, mimi nina jina moja tu la kupeleka. Sijaliandika bado."

Kesho yake tulikutana tena kwenye uwanja wa kanisa. Profesa alisoma masharti kutoka kwenye karatasi na mimi nikatafsiri. Nyumba ya buluu itakayoonekana ikitoa maziwa kwa nyumba ya nyeupe, au ikimlaza ng'ombe huko, itanyang'anywa ng'ombe huyo. Kila mwenye ng'ombe ataweka kidole gumba. Watu walisikiliza kwa adabu. Mzee Protus alisimama akasema kwa niaba ya wote kwamba wameelewa, na kwamba wataufuata utaratibu wa Profesa, asiwe na wasiwasi. Kisha wakapanga mstari kuweka vidole gumba, wakitabasamu.

Ilikuwa ile ndiyo. Ile laini. Mmoja wao hata aliniminyia jicho. Nilijua kwamba jioni hiyo ng'ombe wote ishirini wangepita kwenye mapengo ya ua kama kawaida, na kwamba mradi ungeleta wakaguzi kumi na hawangeona hata unyoya wa mkia. Watu hawa wamewaficha wezi wa mpakani ng'ombe wao, watashindwa kumficha Profesa? Niliona nafasi yangu ya Ulaya ikienda na maji.

Profesa alikuwa ameenda garini kupokea simu. Hapo ndipo nilipofanya jambo ambalo hakunituma. Sikutumwa na mtu. Nilikunja karatasi ya masharti nikaitia mfukoni, nikasimama mbele yao, nikaongea Lukhayo, lugha ya kwetu.

Niliwaambia, mama zangu, wazee wangu, hayo ya Profesa yaacheni. Ng'ombe hatachukuliwa, mnajua na mimi najua. Lakini haya ni masomo yangu. Mkiendelea kugawana maziwa, kazi yangu itaharibika, nitaanguka mtihani, na mwingine atapelekwa Ulaya mahali pangu. Sijawahi kuwaomba kitu. Miezi sita tu. Nifanyieni.

Hakuna aliyecheka. Wale waliokuwa wakitabasamu walifunga midomo. Kwa kuwa Amoding haijui Lukhayo vizuri, nilimgeukia nikarudia yote kwa Kiswahili, neno kwa neno, nikimtazama machoni, na Mathew alikuwa mapajani mwake akichezea kamba ya kiatu changu.

"Kumbe ni mtihani yako," alisema Amoding. "Sasa si ungesema tangu mwanzo? Masomo si kitu ya kuchezea, dada."

Kukhu aliuliza swali moja tu. "Ukipita, unakuwa nani?"

"Daktari, Kukhu. Wa vitabu."

Akatazama upande wa nyumbani. "Basi," akasema.

Nilirudi Nairobi. Miezi ile sita nilipiga simu nyumbani kila Jumapili na sikuuliza habari za maziwa hata mara moja. Kukhu hakusema. Alikuwa akiniambia wako sawa, jua ni kali, mahindi yamekauka yakiwa na kimo cha magoti, soma. Nikasoma. Nilisoma juu ya utapiamlo katika nchi za kusini, nikaandika insha nikapata alama ya juu darasani, na wenzangu wakanipigia makofi. Nilikuwa nimekuwa hodari. Nilikuwa naweza kuandika neno mtoto mara hamsini bila kumwona hata mmoja.

Profesa alinitumia ujumbe siku ya safari ya mwisho. "Niletee tofauti yangu," uliandikwa, na alama ya uso unaocheka.

Nilianzia kwa mzee Protus nikafuata njia. Watoto wa buluu, kijani, kijani, kijani. Nilipoingia nyumba ya kwanza ya nyeupe nilijua kabla ya kutoa utepe. Mtoto hakukimbia kuja kuona mgeni. Alikaa tu. Ya pili hivyo hivyo. Kila mama alinipokea kwa uchangamfu, akaniletea kiti, akamshika mtoto mkono vizuri ili nisipate shida, na akawa anachungulia utepe huku akinitazama usoni. Nilidhani wana wasiwasi juu ya watoto wao. Niliingiza tarakimu kwenye simu ya mradi. Tofauti ilikuwa inajitokeza, kubwa, safi, nzuri kuliko Profesa alivyoota.

Kwa Kukhu nilikuta ndama amenona mpaka anang'aa. Nilimuuliza anampa nini.

"Maziwa ya jioni," alisema. "Ningempa nani? Ulisema nisimpe mtu. Ndama si mtu."

"Kukhu, ungeuza hata."

"Nikiuza, pesa ingenishinda. Ningemnunulia yule mtoto kitu, halafu wewe uanguke." Alikuwa akiongea huku akifagia mahali palipokuwa safi tayari. "Siku moja nilishindwa. Mathew alikuwa na homa, nikapeleka kikombe. Mwenyewe alinirudisha."

"Nani?"

"Amoding. Alisema, Kukhu, tumebakisha wiki tano, usimharibie msichana."

Niligeuka nikaenda nyuma ya zizi, nikatapika chai yote ya asubuhi. Nilijichukia mpaka vidoleni. Nikajipangusa, nikapitia pengo la ua. Lilikuwa limezibwa na miiba, nikalazimika kuondoa tawi moja ili nipite, nikakwaruzwa mguu.

Amoding alikuwa ameniandalia kiti, kitambaa cheupe kimetandikwa juu yake. Alikuwa amekonda pia. Mathew alikuwa amelala kwenye mkeka, macho wazi, nywele zimekuwa za rangi ya hudhurungi na nyepesi. Alikuwa na miaka miwili na nusu na hakusimama. Mama yake alimkalisha, akamnyoosha mkono wa kushoto. Nikazungusha utepe. Nikavuta. Nikadhani nimekosea, nikaulegeza nikavuta tena.

Kumi na moja nukta nane. Njano, na nyekundu iko pale pale, upana wa ukucha.

"Kukhu!" niliita kwa sauti iliyonitisha mwenyewe. "Lete maziwa! Lete sasa hivi!"

Alikuja mbio, mwanamke wa miaka sabini na mitatu, na kikombe cha bati kimejaa mpaka mdomoni, hakikumwagika hata tone. Nilikichukua nikakipeleka kwa mtoto. Midomo yake ilikuwa imeshafunguka. Amoding akaweka kiganja chake juu ya kikombe.

"Ngoja kwanza, dada," alisema. "Usinifiche. Imeshuka ya kutosha?"

Sikuelewa. Kisha nikaelewa, na nikaelewa pia kwa nini akina mama wote wa asubuhi ile walikuwa wakinichungulia usoni.

"Amoding, mpe mtoto maziwa."

"Nitampa. Lakini kama bado, sema, tuongeze hata hizi siku mbili. Tumeteseka yote hii, tusikose juu ya siku mbili." Kiganja chake hakikutoka. Kilikuwa kikavu, mishipa imesimama, na chini yake mtoto alikuwa akinyoosha shingo. "Umepita, ama haujapita?"

Nilikuwa nimepanga njiani kumwambia kila kitu. Kwamba hapakuwa na mtihani. Kwamba nilikuwa nimewadanganya wao na kujidanganya mwenyewe, na kwamba mtoto wake alikuwa ameshindishwa njaa miezi sita ili mstari mmoja kwenye karatasi usimame juu ya mwingine. Nilifungua mdomo. Kukhu alikuwa amesimama nyuma yake, mikono kifuani, akiningoja niseme kwamba ilikuwa na maana. Na maziwa yalikuwa pale.

"Nimepita," nikasema.

Kiganja kikatoka. Amoding akapiga kigelegele cha Kiteso, kirefu, mpaka kikamkata pumzi. Kukhu akakipokea kwa cha kwao, na kutoka boma la pili mtu akaitikia, halafu la tatu, nyumba za buluu na za nyeupe zote zikapaza, kijiji kizima kikanipongeza. Mathew alikuwa akinywa kwa mikono miwili, haraka, bila kupumua. Alimaliza kikombe. Akanitazama. Kisha tumbo lake lililokuwa limeyasahau maziwa likayarudisha yote, yakamwagika kwenye mkeka na juu ya viatu vyangu.

"Oh! Pole, dada, pole sana," alisema Amoding. Akafungua leso yake kiunoni haraka, akapiga magoti mbele yangu, akaanza kunipangusa viatu.